Fungu la Arobaini na Moja

1

Siku watu walipokuja kunipa pole nilikuwa nyuma ya nyumba napasua kuni. Nilikuwa mzima. Asubuhi nilikuwa nimekula viazi nikashiba. Wanawake wa jirani walitangulia na mikeka, wakaitandika uani bila kuniuliza, wakakaa. Wanaume wakafuata, kofia mkononi. Mmoja alibeba ndoo ya maharage. Nikasimama na shoka langu, nikauliza, "Nani kafa?"

Gwamaka Luvanda, jirani yangu, ndiye aliyenishika bega.

"Baba Tulizo," akasema, "weka shoka chini. Tumesikia."

Walichosikia ni namba. Asubuhi ile nilikuwa nimepita kwenye lango la ofisi ya kijiji, kama anavyopita kila mtu akitimiza miaka hamsini. Unapuliza pumzi kwenye bomba, unachomwa kidole, halafu mashine inakuuliza maswali kwa sauti ya mwanamke asiye na haraka. Baba yako alikufa na nini? Mama je? Jikoni kwenu mnapikia nini? Chai unainywa ikiwa ya moto kiasi gani? Ukimaliza kujibu, kikuku ulichovishwa mkononi kinatetemeka na fungu lako la kansa linatokea. Fungu maana yake ni hii: katika watu mia walio kama wewe, wangapi wataugua kabla ya kuzeeka. Langu lilikuwa arobaini na moja, kansa ya njia ya chakula, kuanzia kooni kushuka tumboni.

Sikumwambia mtu. Lakini niliondoka pale ofisini bila kusimama kusalimia, na kijijini kwetu mtu asiyesalimia ameshasema kila kitu.

Walikaa hadi jioni. Waliimba. Bibi mmoja alilia kwa sauti, na mimi nikaona aibu kukaa mkavu kwenye msiba wangu mwenyewe, nikajifuta macho kwa mkono. Maharage waliyoleta yalikuwa mazuri. Nilikula.

Waliotunga sheria ya mafungu walikuwa na nia njema. Walidhani mtu akiambiwa nyumba yake itaungua atakimbilia maji. Walijenga na vituo, wakaweka wauguzi, wakasema mwenye fungu kubwa apimwe kila mwaka bila kulipa. Hawakujua sisi tukiambiwa nyumba ya mtu itaungua tunakwenda kukaa naye na kumwimbia.

Mwaka ule Gwamaka na mimi tulikuwa tumeshachimba mashimo ya misindano, ile miti ya mbao. Huku kwetu misindano ndiyo uzee wa mtu: unapanda na mwenzako, mnapalilia pamoja, baada ya miaka kumi na minane mnavuna. Wiki mbili baada ya maharage, Gwamaka akaja akakaa kwenye kigogo, akazungusha kofia yake.

"Nimefikiri nipande na shemeji yangu," akasema.

"Mashimo nimechimba na wewe."

"Najua, kaka. Lakini miti ina safari ndefu."

Kwenye mgowe, ile kazi yetu ya kulimiana mashamba kwa zamu, wakaanza kunipa kazi ya kuchota maji ya kunywa, kazi ya watoto. Kanisani wakanitoa kwenye kamati ya ujenzi, wakasema nipumzike. Hakuna aliyenichukia. Wangenichukia ningepigana nao.

Kupima nako sikwenda. Watu wa mjini wanaona huo ni ujinga, na labda ni ujinga. Lakini mimi nilihesabu hivi: namba tu imeniondolea watu wote hawa, je, kipimo kitaniacha na nini? Gwamaka naye hakupima, kwa sababu nyingine. Fungu lake lilikuwa tatu. Alikuwa akikunja mkono wa shati ili kikuku kionekane.

"Nifuate nini huko?" alikuwa akisema. "Kansa yenyewe ikiniona inavuka barabara."

2

Miaka mitatu baadaye ugali ulikwama.

Nilikuwa juu kwenye nyavu. Mvua zetu ziliharibika zamani, kwa hiyo maji ya vijiji vyetu tunayakamua kwenye ukungu. Nyavu ndefu zimesimamishwa kwa nguzo ukingoni mwa mlima, ukungu unapita, unaacha matone, matone yanateremka kwenye mfereji hadi kwenye matangi. Kazi yangu ni kuziosha na kushona palipochanika. Niliiomba mwenyewe, na hakuna aliyegombea nami. Kule juu kuna kibanda, jiko na upepo. Unaweza kukaa siku nne hujasikia mtu, na hakuna anayekuuliza unaendeleaje kwa ile sauti ya wodini.

Tonge lilishuka hadi katikati ya kifua likasimama. Nikanywa maji, maji nayo yakasimama juu ya tonge. Nikainuka, nikajipiga kifua, nikazunguka kibanda. Mwisho likapita, kwa uchungu, kama jiwe lenye kona. Nikasema ni kwa sababu nilikula haraka. Juma lililofuata likakwama tena, na sikuwa nimekula haraka.

Nikaanza kupika uji mzito na kuuita ugali. Nyama nikaacha. Kifua kiliniuma nikimeza chai, na chai yenyewe nilikuwa nimeambiwa niipoze; lakini kule juu chai iliyopoa ni maji ya kunawia. Masika yote nilikaa na jambo hilo peke yangu. Mama Tulizo alifariki mtoto akiwa darasa la nne, kwa hiyo hapakuwa na mtu wa kunitazama nikila. Ukila peke yako unaweza kujidanganya muda mrefu sana.

Siku moja nikafua shati langu jeupe nikalianika kwenye kamba ya nyavu. Nilikuwa nimeamua. Kesho yake nishuke, nifike kituo cha wilaya, nipime, yaishe.

Mchana huohuo binti yangu Tulizo akatokea kwenye ukungu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Umepandaje na hali hii?"

"Kwa miguu kutoka barabarani." Alinitazama juu hadi chini. "Baba, umekonda."

"Nimerefuka."

Akacheka. Alikuwa na miaka ishirini na sita, anafanya kazi Njombe kwenye kituo cha mbegu za viazi, na kila akicheka namwona mama yake. Nikamwekea maji jikoni. Akakaa mlangoni akavua viatu vyenye tope, akaniambia habari aliyoileta: Yusto Kyando, kijana wa hukohuko kwenye mbegu, amesema kwao, na wazee wake wanakuja kuleta posa.

"Ni mtu?" nikauliza.

"Ni mtu, baba."

"Basi waje."

Alikuwa anazungusha kikuku chake kwenye kifundo cha mkono.

"Nina ombi," akasema. "Najua watu wamekusema sana uende kupima. Hata mimi nimekusema mpaka ukanikatia simu. Sasa nakuomba usiende. Mpaka harusi ipite."

Nilijua sababu kabla hajaitaja. Mzazi akipita langoni, watoto wake nao wanavishwa vikuku, na vikuku vya ukoo mmoja vimefungwa pamoja; wenyewe wanauita mti. Mzazi akipimwa akakutwa safi, fungu la mtoto linashuka palepale. Akikutwa mgonjwa, linapanda palepale. Asipopimwa, mashine inabahatisha katikati. Tulizo alikuwa na kumi na moja. Kumi na moja ile ilikuwa ni mashine kubahatisha kwa sababu mimi nilikuwa sijaenda.

"Akina Kyando wameliona fungu langu wakanyamaza," akasema. "Wakinyamaza maana yake wamekubali. Kaka yake Yusto alileta msichana mwenye ishirini na sita, hawakumfukuza. Walimkaribisha vizuri, wakamlisha, halafu hawakwenda kwao kuposa. Miezi mitatu tu, baba. Miaka yote hii hujaenda. Na huumwi."

Hilo la mwisho hakuniuliza. Alilisema tu, akageuza uso kuangalia nje.

Akaliona shati kwenye kamba. "Umefua shati jeupe unakwenda wapi?"

"Kanisani."

"Wewe? Kanisani?"

"Mungu hajanitoa kwenye kamati yake."

Akacheka tena. Nikampa chai. Yangu niliiacha kwenye kikombe mpaka akaondoka, nisije nikakunja uso mbele yake.

"Sawa," nilimwambia aliposimama kuondoka. "Nitangoja."

Mimi ni mtu ninayesema. Watu wananikimbia kwa kusema. Lakini neno lile moja, kwamba chakula hakishuki, sikulitoa. Nilijiambia ni zawadi yangu kwake.

3

Walikuja Jumamosi, watu watano, nyumbani kwangu kijijini. Mkubwa wao alikuwa Mzee Kyando, baba mkubwa wa Yusto, mtu mnene mwenye sauti ya kujaza nyumba. Gwamaka alikaa upande wangu kunisemea, kwa sababu baba wa binti hasemi mwenyewe.

"Wakwe," Mzee Kyando akasema akijifunika shuka, "baridi yote hii mnaiweka ya nini? Mnaiuza?"

"Tunaitunzia wageni," Gwamaka akajibu. "Wakizidisha kukaa, wanaondoka wenyewe."

Watu wakacheka. Mambo yalikwenda vizuri. Yusto alikuwa kijana mpole, mikono mikubwa, anamtazama Tulizo kila akipita na sahani. Nilimpenda. Hilo lilinizidishia uzito.

Halafu kuku akaletwa.

Kwetu kuku wa posa ana kazi yake. Firigisi inawekwa juu kabisa ya sahani. Mkubwa wa wageni anaichukua, anaigawa vipande viwili, kimoja anakula yeye, kingine anamlisha baba wa binti kwa mkono wake. Watu wanangoja kimya mpaka wote wawili wameze. Baada ya hapo ndipo maneno yanaendelea, na ukishameza umempa mtoto wako. Hakuna sahihi wala muhuri unaozidi hapo.

Tangu wapande vilima vyetu nilikuwa naifikiria firigisi ile.

"Mkwe," Mzee Kyando akasema, "fungua mdomo. Usining'ate, vidole hivi bado navihitaji."

Nikafungua. Nikatafuna. Nilitafuna mpaka ikawa hamna kitu cha kutafuna, na bado nikatafuna. Yeye alikuwa ameshameza zamani, ananitazama akitabasamu. Nikameza.

Ikasimama palepale. Nikameza mate, mate yakarudi. Machozi yakanitoka. Nikashika ukingo wa kiti na kusubiri jiwe lipite, likakataa, na kifua kikaanza kujipinda kama mtu anayekamua nguo. Nikachukua kitambaa nikaweka mdomoni, nikaitema.

Watu wakaangalia kitambaa.

"Jino," nikasema. "Samahanini wakwe. Jino limenishika."

Mzee Kyando alinitazama kwa muda. Halafu akacheka kwa sauti yake ile. "Uzee huo! Ya kwangu nusu yalishaondoka, hata kuaga hayakuaga. Mpeni mchuzi. Mchuzi nao ni kuku."

Nikanywa mchuzi kidogo kidogo. Wakakubali kwamba nimemeza. Gwamaka akatoa mzaha, maneno yakaendelea, tarehe ikatajwa. Kila mtu pale chumbani alitaka iwe ni jino, na mimi niliwapa jino.

Tulizo alikuwa amesimama mlangoni na jagi la maji ya kunawa. Yeye anayajua meno yangu. Siku ile alipopanda mlimani nilimfungulia chupa ya soda kwa meno.

4

Wageni walipoondoka aliosha vyombo uani. Mimi nilikaa kwenye kigoda. Aliosha sahani moja mara tatu.

"Tangu lini?" akauliza bila kugeuka.

"Tangu masika."

"Siku nilipokuja kukuomba, ilikuwa tayari?"

"Ilikuwa tayari."

"Na shati lile?"

"Lilikuwa la kwenda kituoni."

Akaiweka ile sahani chini. Mikono yake ilikuwa myekundu kwa maji ya baridi. Nilingoja alie, nikawa nimejiandaa kwa kilio. Hakulia.

"Mbona hukuniambia, baba?"

"Nilitaka uolewe."

"Kwa hiyo ningeolewa, ukafa, halafu mimi nijue nilikuomba nini." Aligeuka. "Na sasa umeniambia. Nisemeje? Nikisema nenda, nimevunja harusi yangu kwa mdomo wangu. Nikisema kaa, nimekuua. Usinipe hilo, baba. Sikulizaa mimi. Usinikalie hapo unanitazama kama nina jibu."

Alikuwa na haki. Nilikuwa namtazama hivyo hasa. Mtu wa miaka hamsini na mitatu, nimekaa kwenye kigoda nasubiri mtoto anihukumu.

"Jumatatu nakwenda," nikasema.

"Sijasema uende."

"Hujasema. Nimesema mimi. Ukiulizwa, baba yako alikwenda kwa kichwa chake kigumu, na wewe hukuwepo."

Akaokota sahani akaendelea kuosha. Asubuhi aliondoka mapema kurudi kazini. Alinisalimia, nikaitikia, basi.

5

Kituo cha wilaya kina benchi refu la kungojea nje ya mlango, na siku ile nilikalia lote mwenyewe. Muuguzi aliitwa Atuganile, mwanamke wa makamo, miwani kwenye paji la uso. Aliangalia kikuku changu akashusha miwani.

"Arobaini na moja," akasema. "Karibu. Nyie watu wa namba kubwa siwaoni."

"Wanakuja kina nani?"

"Wa kumi na tano, wa ishirini. Wana woga wa kutosha kuja, sio woga wa kutosha kukimbia. Wenye namba ndogo wanaona wameshapona. Wenye namba kubwa wanaona wameshakufa. Mwezi uliopita nimemzika mtu wa mbili. Alikuwa anavimba shingo mwaka mzima, anasema mashine imemthibitisha." Alinipa kidonge kikubwa chenye uzi mrefu mwembamba. "Meza hiki. Uzi nimeushika mimi."

"Firigisi imenishinda."

"Hiki si firigisi. Kina utelezi. Meza na maji ya uvuguvugu, taratibu."

Kilikwama, kikanichoma, kikapita. Tukakaa. Alinieleza kwamba kidonge kikiyeyuka tumboni kinafunguka kuwa sifongo dogo, na likivutwa kupanda juu linakwangua njia yote na kuokota chembe chembe, kama brashi ya chupa. Akavuta. Sitasema haikuuma. Sifongo lilitoka na damu kidogo. Akaliingiza kwenye kikombe cha mashine, akafunga mfuniko, akaweka kidole kwenye kitufe lakini hakukibonyeza.

"Hapa nina wajibu wa kukuuliza," akasema. "Una mtoto kwenye mti?"

"Mmoja."

"Nikibonyeza, mashine inasoma, na mti unajua saa hiyohiyo. Siwezi kuzuia, wala mkuu wangu hawezi. Usipotaka, tunatupa sifongo na unakwenda zako. Wengi wanaofika mpaka hapa, hapa ndipo wanaponishukuru na kuondoka."

Nilitazama kidole chake. Nilimfikiria Tulizo na kumi na moja yake. Ilikuwa namba nzuri. Ilimpatia Yusto, ilimpatia wakwe wenye kelele za furaha. Na ilikuwa nzuri kwa sababu moja tu, kwamba mimi nimenyamaza. Lakini koo lake lilikuwa lilelile alilozaliwa nalo. Niseme, ninyamaze, koo halibadiliki. Kwa muda wote ule nilikuwa nalinda namba nikadhani namlinda mtoto.

Nilijua pia kwamba yeye hakuniomba nilinde koo. Aliomba miezi mitatu. Nilikuwa namnyang'anya miezi yake bila ruhusa, na hakuna hesabu niliyoifanya pale iliyonisafisha na hilo. Mpaka leo haijanisafisha.

"Bonyeza," nikasema.

Mashine ilichukua muda kama wa kuchemsha maji ya chai. Atuganile akasoma, akavua miwani kabisa.

"Ipo," akasema. "Ndogo. Bado iko kwenye ngozi ya ndani, haijatoboa ukuta. Tunaichoma kwa mwanga, mara nne, kila baada ya majuma mawili. Utakula firigisi."

"Ningeweza kungoja harusi ipite?"

"Usiniulize hilo, mzee. Umekuja."

Nikafunga vifungo vya shati. Huko Njombe, wakati huohuo, kikuku kilikuwa kinatetemeka kwenye mkono wa mtu aliyesimama anachambua mbegu za viazi. Nilitoka nje nikampigia. Simu iliita mpaka ikachoka. Nikapiga tena. Barabara ya kurudi ilikuwa tupu, na nilitembea nayo yote.

6

Gwamaka ndiye aliyeleta maneno ya akina Kyando. Alipanda mpaka kwenye nyavu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu nihamie huko, akasimama anahema.

"Wamesema wanakwenda kukaa," akasema. "Wakishakaa watazungumza."

"Na Yusto?"

"Yusto ni mtoto wa watu, kaka. Anasikiliza." Alitazama nyavu. "Limekuwa ngapi? La binti?"

"Muulize mwenyewe."

"Wanasema thelathini na sita."

"Basi unajua, umeniuliza nini?"

Akavaa kofia. "Ungengoja tu," akasema, na hakusema kwa ubaya. "Miezi mitatu."

"Na wewe ukapime, Gwamaka."

"Mimi nina tatu."

Akashuka. Nikaosha nyavu mpaka mikono ikafa ganzi.

Niliposhuka kuchomwa mara ya kwanza, Atuganile aliniambia Tulizo ana haki ya kupimwa sasa hivi, kwa thelathini na sita hakuna kungoja miaka. Alikuwa amemwita, hajajibu. Amemwita tena, hajajibu. "Wewe ndiye baba," akasema. "Mwambie. Kwa umri wake, ikiwepo, ni kitu cha asubuhi moja."

Nilirudi mlimani na neno hilo. Nilikuwa nayajua yote ambayo angeweza kuambiwa, kwa sababu niliambiwa mimi. Jikaze. Usiogope. Mungu yupo. Nenda, ni kwa faida yako. Hakuna hata moja lililonitoa kwenye kigoda changu kwa miaka mitatu. Nilikuwa najua hasa mahali alipo. Nimeishi pale, najua hata upepo wake unatoka wapi. Na mtu aliyemhamishia pale ni mimi.

Nilipiga simu kila jioni nikimaliza kazi. Haikupokelewa. Sikuacha ujumbe, kwa sababu ujumbe ungekuwa ni lilelile neno. Nilikuwa naanza kula. Tonge laini lilikuwa linapita bila kusimama, na nilikuwa sina wa kumwambia kwamba limepita.

Jioni moja akapokea. Nilisikia nyuma yake mashine ya kuchambulia ikikokota mkanda.

"Tulizo."

"Naam, baba."

"Umekula nini leo?"

"Unasemaje?"

"Nimeuliza umekula nini."

"Viazi," akasema polepole. "Vile vidogo vinavyokataliwa kwenye mbegu. Nimechemsha."

"Na chumvi?"

"Chumvi imeisha."

"Basi hivyo ni tope la moto."

Pumzi ikamtoka puani, karibu na kicheko, isifike. Upepo ulikuwa unapiga kibanda changu, na kwake mkanda ulikuwa unakokota.

"Wameniletea kiti," akasema.

"Nani?"

"Wenzangu kazini. Wote tunachambua tumesimama. Siku ileile wakaniletea kiti. Nimekirudisha, wakakileta. Leo wameweka na mto."

"Panda juu yake usimame, uchambulie kutokea huko."

Safari hii ama alicheka ama alilia, sikuweza kujua, na sikuuliza. Nilishika simu kwa mikono miwili kama mtu anayeshika kifaranga.

"Jumanne nachomwa tena," nikasema alipotulia. "Sikuombi kitu. Nakwambia tu nitakuwa wapi."

"Nani anakupeleka?"

"Miguu."

"Na kurudi? Ukishachomwa huwa unarudije?"

"Hiyohiyo. Inajua njia."

Mkanda ukasimama. Watu wake walikuwa wanafunga kazi. Nilisikia wakiagana, na hakuna aliyemuaga yeye kwa sauti ya kawaida. Nilidhani amekata.

"Nitakuja," akasema. "Lakini siingii ndani, baba. Usianze. Usimwambie na huyo muuguzi aje kunisemesha. Nitakaa nje, ukitoka tunaondoka."

Neno la Atuganile lilikuwa mdomoni mwangu, zima, tayari. Kitu cha asubuhi moja. Nikalimeza, likashuka.

"Kaa nje," nikamwambia. "Nje kuna benchi refu."